Gota la Matangani

Picha yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ilipigwa na Triza kutoka roshani ya ghorofa ya tatu, jioni jua likiwa bado lipo, na ilionyesha wanaume wawili wazima wakitoka kazini kuelekea kwao mtaani Mowlem, Nairobi. Mmoja, Andati, alikuwa ametupia koti begani. Mwenzake, Wesonga, alibeba mfuko wa sukuma wiki. Mkono wa kulia wa Andati ulikuwa ndani ya mkono wa kushoto wa Wesonga, vidole vimeingia kwenye vidole, na midomo yote miwili ilikuwa wazi kwa sababu kila mmoja alikuwa akimkatiza mwenziwe. Triza aliitazama, akaikata pembeni ili pipa la taka lisionekane, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji na maneno matatu: "Wapenzi wa Mowlem."

Kundi hilo liliundwa kwa ajili ya habari za maji. Kwa miaka miwili lilikuwa limebeba habari za maji mara chache, matangazo ya sambusa mara nyingi, na sala za asubuhi ambazo hakuna aliyezisoma hadi mwisho. Lakini jioni hiyo hata mpangaji wa nyumba namba tisa, ambaye hajawahi kumjibu hata mwenye nyumba, alijibu. Aliweka vikaragosi vinne vinavyocheka hadi machozi. Wengine wakafuata. Mtu akauliza mahari ni ng'ombe wangapi. Mwalimu wa watoto wa kanisani aliandika tu, "Siku za mwisho," akaenda kula.

Picha hiyo ingeweza kupigwa siku yoyote ya miaka kumi na tisa iliyopita, tangu wawili hao walipoajiriwa siku moja kwenye kiwanda cha mabeseni. Kutoka stejini hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini, na walikotoka, Andati Kakamega na Wesonga Bungoma, mtu akikueleza jambo la maana hukushika mkono, wala hauachii mpaka jambo liishe. Mambo ya Wesonga hayakuwa yakiisha. Ndiyo siri yote ya picha ile. Triza mwenyewe, kila Jumamosi, hukaa muda wa saa nne katikati ya magoti ya shoga yake akisukwa, kisha huenda naye sokoni wameshikana viuno, na hajawahi kujipiga picha kwa mshangao.

Wesonga hakuiona. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya kupiga na kupokea tu, na mkewe alikuwa nyumbani Chwele, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba kimoja cha ploti ya pili. Kwa hiyo aibu yote, isiyo na mahali pa kugawana, ilipanda ngazi hadi kwa Andati.

Ilianza na mkewe, Nabwire, kesho yake kwenye bomba la maji. Hakuna aliyemwambia kitu. Wanawake walinyamaza alipofika, kisha Triza akauvuta mtungi wake hadi mbele ya foleni, heshima ambayo hupewa wajawazito na wafiwa.

"Pita tu, Mama Vivi," Triza alisema. "Mnaendeleaje huko nyumbani?"

Nabwire alijaza mtungi, akashukuru, akapanda ngazi maji yakimmwagikia viatuni. Aliona haya, kisha akakasirika kwa kuona haya, kisha hasira ikatafuta mtu wa kumwangukia. Andati alikuwa mezani akinywa chai.

Kikao cha nyumba kilikaa Jumapili baada ya kanisa. Aliyekiita ni binti yao, Vivian, wa miaka ishirini na minne, muuzaji kwenye duka la simu mjini, mtu aliyeamini kwamba shida yoyote ya binadamu hutatuliwa kwa kubadilisha mpangilio.

"Daddy, sikia," alianza. "Mimi najua hakuna kitu. Mum anajua hakuna kitu. Lakini hapa si ocha, hapa ni Nairobi."

"Ocha kuna nini?"

"Huko watu wanashikana mikono hata wakienda kuangalia ng'ombe. Hapa mtu akikuona hivyo anaanza story."

"Kwani mkono wa Wesonga una nini?"

"Hauna kitu," Nabwire alisema. "Ndio maana unaweza kuuacha."

Andati aliangalia picha kwenye simu ya Vivian kwa muda mrefu. Kusema kweli ilimpendeza. Hakuwa na picha nyingine akiwa na Wesonga isipokuwa moja ya kitambulisho cha kiwandani ambamo Wesonga alionekana sikio tu. Lakini alipofikia yale maneno matatu, na ng'ombe wa mahari, alirudisha simu kana kwamba ina moto, na tangu dakika hiyo alianza kuogopa. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mbili aliyewahi kuzima moto wa mashine kwa magunia, na sasa alikuwa akimwogopa mama mmoja wa ghorofa ya tatu.

Vivian alisimama katikati ya sebule, kati ya meza na kochi lenye vitambaa vya kufuma. "Sasa nakufunza gota. Kunja ngumi. Si hivyo, hatuendi kupigana. Legeza. Gusa yangu."

Andati aligusa. Vivian aliruka nyuma akipuliza vidole.

"Daddy, hiyo ni gota, si nyundo."

"Mimi nashinda na vyuma."

"Tena. Pole pole. Na useme niaje."

"Niaje."

"Usiseme kama umeshikwa na polisi."

Walirudia mara sita. Nabwire, kwenye kochi, alikuwa refa. Mara ya saba alisema imekaa vizuri.

"Na nikishagusa?" Andati aliuliza.

"Basi. Salamu imeisha."

"Imeisha na sijamuuliza habari za nyumbani?"

"Utamuuliza mkitembea."

"Tukitembea mkono naweka wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko wa kulia umetoboka."

"Leta huo mfuko," Nabwire alisema, na kabla chai haijapoa aliushona, tena kwa uzi wa viatu.

Jumatatu jioni Andati alishuka stejini mkono ukiwa tayari mfukoni. Wesonga alianza kusimulia habari za kisima cha kaka yake kule Chwele, na kama kawaida, alipofika mahali patamu, mkono wake wa kushoto ulitoka kwenda kutafuta mwingine. Ukakuta suruali.

"Mkono umekuwaje?" Wesonga aliuliza.

Hapo Andati angeweza kusema ukweli. Lakini kumwambia rafiki wa miaka kumi na tisa neno lile, kulitoa kwenye simu na kuliweka katikati yao barabarani, kulimshinda. Ingekuwa kama yeye ndiye aliyelifikiria.

"Unaniuma," alisema. "Ni ile mashine."

Basi Wesonga alisimama pale pale kumpa pole, pole ndefu, ya kumtaja Mungu mara mbili. Jumanne alimletea dawa ya kuchua, kopo zima, aliyoinunua kwenye duka la Kawsar pale konani. Jumatano akawa na wazo bora zaidi. Alizunguka, akaja upande wa pili, akaushika mkono wa kushoto.

"Huu si mzima?" alisema, akaendelea na kisima.

Andati alitembea hatua arobaini akiwa ameshikwa mkono mzima, macho kwenye roshani zote za Mowlem, kisha akasema hata huo umeanza. Wesonga alimhurumia sana. Alipendekeza waende hospitali pamoja.

Kawsar, mwenye duka, alikuwa na masikio na macho ya kutosha. Ijumaa, Andati alipofika kununua mkate, aliuweka juu ya meza pamoja na swali.

"Mzee, ni mkono gani unauma? Jana umebeba mtungi wa gesi na huo."

"Mambo ni mengi, Kawsar."

"Nimeona picha. Baba yangu na rafiki yake kule Garissa walikuwa wanatembea hivyo mpaka msikitini, na kurudi. Hakuna mtu aliuliza. Kama mmoja amekuja peke yake, hapo ndio watu wanauliza."

"Hiyo ni kwenu."

"Na hii ya hapa ni ya nani?"

Andati alichukua mkate. Ulikuwa wa jana, na akaulipia.

Wiki ya tatu, kaka yake Wesonga akafa. Aliitwa Nalianya, ndiye aliyekuwa akichimba kisima, na ndiye aliyemlea Wesonga tangu baba yao alipofariki. Habari ilifika Ijumaa kazini. Andati alikuwa kwenye mashine upande wa pili wa kiwanda, na alipoambiwa, Wesonga alikuwa ameshapewa ruhusa na kuondoka.

Jumamosi alasiri matanga yalikuwa yamekaa uani kwa Wesonga. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa, turubai limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Watu wa Mowlem ni wacheshi kwenye simu lakini kwenye msiba hawana mchezo. Wote walikuwapo. Wote walipita mbele ya Wesonga na kumshika mikono yote miwili, na kuishikilia. Mpangaji wa namba tisa, yule wa vikaragosi vinne, aliishika mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Mwalimu wa watoto alimwekea Wesonga kichwa begani. Wanaume walimkumbatia mwanamume mchana kweupe na hakuna aliyeuliza ng'ombe.

Andati aliingia na Nabwire. Alikuwa amelia njiani kidogo, na alikuwa amedhamiria. Lakini alipovuka mlango wa ua, jambo la kwanza aliloliona ni Triza, kiti cha pili, ameinua simu usawa wa macho. Triza alikuwa akitafuta maneno ya wimbo. Andati hakulijua hilo.

Wesonga alimwona. Tangu asubuhi alikuwa amekaa akipokea watu kama mtu anayepokea barua za jirani, na sasa alisimama kwa mara ya kwanza. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja vikitazama juu, akapiga hatua mbili kuja kwake.

Mkono wa Andati ulitoka mfukoni ukiwa umeshakunjwa. Uligusa kiganja cha Wesonga, pole pole, vizuri kabisa, kama ulivyofundishwa. Na mdomo, uliofundishwa pamoja na ngumi, ukasema, "Niaje."

Ua wote ulisikia. Wesonga aliangalia ngumi iliyokuwa juu ya kiganja chake. Hakuielewa. Akatafuta sababu nzuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutafuta sababu nzuri, akaipata.

"Mkono bado unauma?" aliuliza.

"Kidogo," Andati alisema.

"Pole, Baba Vivi," mfiwa alimwambia. "Kaa hapo kwenye kivuli."

Andati alikaa. Aibu ilimshika hadi masikioni, na kwa kuwa hakujua la kufanya nayo, aliamua kujifanya mtu wa msaada. Akina mama waliita mtu wa kubeba sufuria ya chai, ile kubwa ya kanisa ambayo kwa kawaida hubebwa na vijana wawili. Andati aliruka kabla hawajamaliza kuita. Aliikamata masikio yote mawili, akaitoa jikoni, akapita nayo mbele ya viti vyote bila kumwaga tone, akaitua mezani. Alipoinua uso, Wesonga alikuwa akimtazama mikono.

Njiani kurudi Nabwire hakuongea mpaka walipofika kwenye ngazi.

"Umemgotea mtu amefiwa," alisema.

"Si mlinifundisha?"

"Nilisema uache njiani. Sikusema matangani."

"Ungeniandikia orodha."

"Baba Vivi, hata mtoto anajua."

"Mtoto ndiye mwalimu," Andati alisema, na alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu. Nabwire alijua kwamba nusu ya ngumi ile ilikuwa yake, akachukua simu akajitoa kwenye kundi la wapangaji. Kwa siku nne zilizofuata hakujua maji yanakuja lini.

Mwili ulikuwa kwenye hospitali ya kule nyumbani, kwa hiyo basi la kwenda mazishini liliondoka Jumatano asubuhi na watu tu. Ilikuwa imeshapangwa tangu zamani, bila kupangwa, kwamba Andati angekwenda. Mama yake Andati alipokufa, Wesonga ndiye aliyekaa naye kiti kimoja hadi Kakamega, amemshika mkono toka Nairobi, na alipolala, mkono ulikuwa bado umeshikwa. Andati alifika na begi na koti. Mkono wake ulikuwa nje ya mfuko, na alikuwa amejiapiza.

Wesonga alikuwa mlangoni mwa basi akihesabu watu. Alimvuta Andati pembeni kwa mkono wa koti. Ngozi hakuigusa.

"Triza alinionyesha picha," alisema. "Alidhani nilikuwa nimeiona."

Andati alitua begi chini.

"Ni picha nzuri. Nilimwambia anitumie, lakini simu yangu haiwezi." Alikohoa. "Wewe uliiona lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu," Wesonga alisema. "Na mimi nimemaliza duka la Kawsar nikitafuta dawa."

"Ndugu yangu, niliona vibaya. Watu walikuwa wanasema—"

"Nimeona walichosema. Mimi kilichoniuma si hiyo. Watu watasema tu. Ungeniambia, tungecheka, tungeshikana tukipita chini ya roshani yake kila siku mpaka achoke kupiga." Alitazama begi la Andati. "Sasa wewe rudi upumzike. Barabara ni ndefu, mkono usije ukazidi."

Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomkata Andati maini. Mtu mwingine aliitwa kukaa kiti chake. Basi liliondoka.

Jumamosi ya mazishi, Andati hakuweza kukaa nyumbani. Alikwenda kwenye baa ya nyuma ya ploti ambako watu huangalia mpira. Wanaume wa Mowlem walikuwapo wote, pamoja na wa namba tisa, wamebanana kwenye mabenchi, paja juu ya paja. Dakika ya themanini bao likaingia. Hapo wanaume wakarukiana migongoni. Walikumbatiana viuno, wakabusiana vipara, mmoja akambeba mwenzake kama bibi harusi akazunguka naye meza. Hakuna aliyepiga picha. Kijana mmoja aliyevaa jezi nyekundu, ambaye Andati hakumjua hata jina, alimrukia shingoni, na Andati akamshika. Akamshika kwa nguvu. Kelele zikapungua, watu wakakaa, mpira ukarudishwa katikati, na yeye bado alikuwa amemshika.

"Mzee," kijana alisema taratibu, "bao ni moja tu."

Andati alimwachia, akatoka nje. Alilia nyuma ya baa kama alivyopaswa kulia kule uani, na akajiona mjinga, na kweli alikuwa.

Wesonga alirudi kazini baada ya wiki mbili, amekonda, kichwa kimenyolewa. Hakumkwepa Andati. Alimsalimia, akampa habari za mazishi kwa ufupi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa kuwa Wesonga hajawahi kuwa na habari fupi. Kisima kilikuwa kimefukiwa. Basi.

Jioni ile Andati alishuka stejini kwanza akamngoja mwenzake, kisha wakatembea bila kugusana hadi chini kabisa ya roshani ya Triza, mahali pale pale pa ile picha, karibu na lile pipa la taka. Hapo akasimama. Triza alikuwa juu akianua nguo. Watoto walikuwa ukutani, akina mama kwenye bomba, na Nabwire miongoni mwao na mtungi wake. Vivian alikuwa anatoka kazini, amefika langoni. Andati aliutoa mkono wake mfukoni mbele ya wote hao, akaunyoosha ukiwa wazi, kiganja juu.

"Baba Ayuma," alimwita Wesonga kwa jina la binti yake wa kwanza. "Nipe mkono."

Aliuacha pale pale hewani. Nabwire alifunga bomba ili asikie.

Wesonga aliuangalia. Uso wake ulilainika, na kwa muda kidogo ilionekana kana kwamba mkono wake wa kushoto unakuja kama zamani. Ulikuja. Lakini njiani ulijikunja. Aligusa katikati ya kiganja cha Andati kwa ngumi, kidogo tu, kwa adabu, vizuri kuliko Vivian mwenyewe.

"Sitaki kukuumiza," alisema.

Kisha akatengeneza mfuko wake wa sukuma wiki, akaaga akina mama wote kwa majina, akaenda kwake.

Triza alikuwa ameipata picha. Mwanga ulikuwa mzuri na safari hii hata pipa la taka halikuingia. Aliituma kabla hajamaliza kuanua nguo: "Wazee wetu wameamka." Watu walifurahi kwa dhati. Wa namba tisa aliweka ngumi mbili zinazogusana. Mwalimu wa watoto aliandika, "Mungu ni mwema." Watu thelathini na mmoja waliweka moyo, na kwenye orodha ya mioyo hiyo hakukuwa na Vivian, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu imezimwa mkononi.

Nyumbani, Andati aliuliza watu wamesemaje.

"Wanasema sasa uko sawa," Nabwire alimwambia. Alikuwa ameambiwa bombani.

Andati alitikisa kichwa. Alivua suruali ya kazi, akatafuta wembe kwenye kabati, akakaa kitandani kuufumua ule mfuko wa kulia, uzi baada ya uzi. Ulikuwa umeshonwa imara. Ilimchukua muda mrefu, na Nabwire hakumwambia aache.